Toba ya Mtu Mmoja

Wazee wawili wa kanisa walipokuja kumtaka binti yangu akatubu mbele ya usharika, walinikuta barazani nashona majoho mapya ya kwaya. Joho la mwanamume aliyempa mimba lilikuwa kwenye rundo lile lile, limekwisha kukatwa, linasubiri kuunganishwa. Nilikuwa nimempima mwenyewe mabega, kifua na urefu wa mkono, huku akiniita mama.

Nalisema hili mwanzoni ili mtu asije akadhani hasira yangu ilitoka hewani.

Mimi ni fundi cherehani. Nyumba yangu iko kando ya barabara ya vumbi inayotoka Muheza kushuka pwani, kwenye mashamba ya mkonge ambayo mengine siku hizi ni vichaka tu. Baba yangu alitoka mbali kusini kuja kukata mkonge, akamwoa mama yangu ambaye ni Mbondei, wakabaki. Kanisa letu lilijengwa na watu kama wao. Nilibatizwa pale, nikapata kipaimara pale, nikafunga ndoa pale, na jeneza la mume wangu lilitokea pale. Kwa hiyo yanayofuata sikuyaona kwa jicho la mgeni.

Mmoja wa wale wazee alikuwa mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa, mtu mwenye shamba kubwa la machungwa na sauti ya upole ambayo haipandi hata akikasirika. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu. Niliwaamkia, nikawatolea viti, nikamtuma binti yangu ndani akachemshe chai. Mwenyekiti alisubiri mpaka ameingia.

"Tumekuja kwa habari ya huyo binti," akasema. "Hali yake sasa inaonekana. Baraza limekaa, limeamua afungiwe Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya kanisa. Tungependa iwe mapema, kabla hajawa mzito sana."

"Sawa," nikasema. "Na mwenzake atasimama siku hiyo hiyo, au mmempangia siku yake?"

Mwalimu mstaafu akaanza kuangalia viatu vyake.

"Mwenzake yupi?" akauliza mwenyekiti.

"Mzee, mimba haiji kwa kukohoa."

"Mama, sisi hatuwezi kumtuhumu mtu bila ushahidi. Wa binti tunauona kwa macho. Wa mwanamume ni maneno."

"Maneno ya nani? Si ya binti yangu? Mbona maneno yake ya kutubu mnayataka, ila akisema jina la mtu hamyataki?"

Alisema tu kwamba wataniombea, kisha wakaondoka kabla chai haijaiva. Nilirudi kwenye cherehani nikakanyaga kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.

Jambo ambalo mwenyekiti hakulisema, na ambalo kila mtu kijijini alilijua, ni hili: mwanamume mwenyewe alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake.

Alikuwa ametoka upande wa Korogwe kuja kuishi kwa mjomba wake, na kwa kuwa alijua kupiga kinanda, akafanywa mwalimu wa kwaya. Sitasema uongo, alikuwa mwalimu mzuri. Kwaya yetu ilikuwa ya kina mama wanne waliochoka, yeye akaifanya kwaya ambayo sharika nyingine zilikuwa zinaialika. Binti yangu alikuwa anaimba sauti ya pili. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu na usharika ulikuwa umempa darasa la chekechea, pale pale kwenye uwanja wa kanisa. Ni mtu mkimya, lakini akiwa na watoto wadogo huwezi kuamini ni yeye, anaruka kama chura, ananguruma kama simba. Yule kijana alikuwa anakuja kwangu jioni baada ya mazoezi, anakaa kwenye benchi, anakula muhogo, anasema wazi kwamba mwakani ataleta washenga. Hakuwa na mke wala mchumba mwingine. Nilimpenda kama mwanangu, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Aliposikia habari ya mimba, akaacha kuja. Binti yangu akampigia simu, haikupokelewa. Akamfuata kwenye mazoezi, akaambiwa mbele ya watu kwamba wenye hali kama yake hawaimbi. Wiki iliyofuata akaondolewa chekechea, kwa maneno kwamba watoto wasimwone vile. Watoto wenyewe walikuwa wanapita kwangu wakitoka shule, wanamwita mwalimu, wanamwuliza amekula nini mpaka tumbo limekuwa kubwa, wanacheka naye. Waliokuwa hawawezi kumwona vile ni watu wazima.

Na yule kijana akaendelea kukaa kwenye kinanda kila Jumapili, nywele zimekatwa vizuri.

Nimekulia kwenye mabenchi ya kanisa lile. Tangu nikiwa mdogo nimeona wasichana wakiitwa mbele, wamejitanda kanga, wanarudia maneno waliyofundishwa na mwinjilisti. Niliwahi kumwona mwanamume akitubu kwa kupika gongo, na mwingine kwa kumpiga baba yake. Kwa mimba, hata mmoja. Wasichana wetu wote, kwa hesabu ya kanisa, walipata mimba wakiwa peke yao.

Jirani yangu ni Mwislamu, muuza vitumbua, tumelea watoto pamoja. Nilimweleza siku ile ile wazee walipokuja. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Mwenzangu, na mwanamume yuko wapi?"

"Anapiga kinanda."

"Basi ni kama kwetu tu," akasema. "Sisi wetu hukaa safu ya mbele."

Mimi nilikuwa nimeshaamua. Siku hiyo ya toba ningesimama nimtaje mtu yule kwa jina lake, la baba yake na la mjomba wake, kwa sauti ambayo ingefika mpaka kwenye mashamba. Nikamwambia binti yangu. Alikuwa anachambua mchele.

"Usimtaje, mama."

"Kwa nini nisimtaje?"

"Ukimtaja wewe, watasema mama ana chuki. Nikimtaja mimi, watasema namtafutia mtoto baba. Watashika hilo, watasahau jambo lenyewe."

"Kwa hiyo unakwenda kusimama uaibike, mimi nitazame?"

"Nataka aje mwenyewe."

"Hatakuja."

"Najua," akasema. "Lakini nataka kila mtu aone kwamba hakuja. Niahidi, mama."

Nilikataa. Nikakataa tena jioni. Nikaahidi kesho yake asubuhi, kwa shingo upande, kwa sababu jambo lile lilikuwa lake kabla halijawa langu, na kwa sababu nilimwona ana utulivu ambao mimi sikuwa nao.

Jumapili ilipofika alikataa kujitanda kanga. Alivaa gauni la buluu nililomshonea alipomaliza chuo, nikalilegeza kiunoni. Kanisa lilikuwa limejaa kuliko sikukuu. Watu wananusa jambo kama hili kutoka mbali. Mchungaji wetu ni kijana, alikuwa ameletwa kwetu si muda mrefu, na alipomwita binti yangu mbele sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

Binti yangu akatoka kwenye benchi, akatembea taratibu hadi chini ya madhabahu. Lakini hakusimama katikati. Alisimama kando, akaacha kulia kwake nafasi ya mtu mmoja. Mwinjilisti akampungia mkono asogee katikati. Akatikisa kichwa.

"Rudia maneno haya," mchungaji akaanza.

"Samahani, mchungaji, nina maneno yangu," akasema. Hakupaza sauti, lakini amezoea kuongea na watoto, kila neno lilisikika. "Nimemkosea Mungu. Nimemwomba msamaha na ninaamini amenisamehe. Nawaomba msamaha na ninyi. Lakini kosa hili sikulifanya peke yangu. Mwenzangu yumo humu ndani. Sitamtaja. Nimemwachia nafasi hapa."

Akanyamaza.

Sijui ni muda gani ulipita. Bati zilikuwa zinalia kwa jua. Mtoto wa mtu alilia, akanyonyeshwa haraka. Hakuna aliyegeuza kichwa, lakini macho ya kanisa zima yalikuwa kwenye kinanda. Yeye alikuwa ameinama, anafunua kitabu cha nyimbo, karatasi baada ya karatasi, kama mtu aliyepoteza ukurasa. Mchungaji alisimama na kitabu chake wazi mkononi na hakusoma kitu.

Nilikuwa nimeuma ncha ya leso yangu. Moyoni nilikuwa napiga kelele: inuka. Inuka, mwanaharamu we, ni hatua chache tu. Nakiri kwamba hata katika saa ile, kama angeinuka, ningemsamehe yote. Ningemlisha tena muhogo.

Mwenyekiti ndiye aliyeinuka. "Mchungaji, ibada iendelee," akasema, kwa upole wake ule ule.

Na yule kijana akaanza kupiga kinanda.

Nataka hili lieleweke. Alipiga wimbo wa kusifu, kwa mikono ile ile, ili kufunika ukimya ambao mama wa mtoto wake alikuwa amesimama ndani yake. Kwaya ikasimama kwa mazoea. Kina mama wa sauti ya pili hawakufungua midomo. Sauti ya kwanza wakaimba kwa kusitasita, kama watu wanaotembea kwenye tope.

Niliahidi kutomtaja, sikuahidi kukaa. Nilitoka kwenye benchi nikaenda mbele, nikasimama pale penye nafasi, nikamshika mkono. Akaninong'oneza, "Si hapo, mama. Hapo si pako." Nikazunguka nikasimama upande wake wa pili. Tukakaa hivyo, mimi, yeye, na ile nafasi, mpaka wimbo ukaisha na mchungaji akatuombea baraka.

Siku chache baadaye nikaitwa kwenye baraza la wazee. Nilikuwa kiongozi wa umoja wa wanawake, kwa hiyo chumba kile nilikijua. Safari hii hawakunipa kiti.

"Umemfundisha binti yako kuvuruga ibada," mwenyekiti akasema.

"Aliyevuruga ibada ni yule aliyepiga kinanda wakati mtu anatubu."

"Mama, toba si mahali pa kulipizana. Kisasi ni cha Mungu."

Hapo ndipo niliposahau umri wake na wangu. "Mzee, usinitajie Mungu kwa ajili ya kumficha mpwa wako. Hukumu ya msichana mnaikata ninyi, tena haraka, mnakuja mpaka barazani kwangu. Ya mwanamume mnamwachia Mungu. Huyo Mungu wenu ana kazi na wanaume tu? Mimi Mungu niliyefundishwa humu alikasirika na watu wanaoimba vizuri huku wanamkanyaga mnyonge. Mlinifundisha wenyewe, kwenye kipaimara. Mlidhani sisikilizi?"

Mwalimu mstaafu akasema polepole, "Anayo hoja." Mwenyekiti akamtazama, naye mwalimu akarudi kuangalia viatu vyake.

Nikasimamishwa uongozi wa umoja wa wanawake. Sababu waliyotoa kwenye matangazo ilikuwa ni kukosa heshima kwa wazee. Mbele ya watu wote, kwa jina langu na la baba yangu. Kumbe kutaja jina la mtu kanisani kunawezekana.

Basi nikarudi kwenye majoho. Nilimaliza yote isipokuwa moja. Vipande vya joho lake nilivikunja, nikavifunga kwa gazeti, nikaviweka chini ya meza. Nilijua atakuja, kwa sababu sikukuu ya mavuno ilikuwa imekaribia na kwaya nzima ilitakiwa ivae sare.

Akaja mchana, wakati binti yangu amekwenda kliniki. Nadhani alichagua saa hiyo. Akasimama chini ya ngazi.

"Shikamoo, mama."

Sikuitikia. Mtu asiyekulia kwetu hawezi kujua jambo hilo lina uzito gani. Hata adui yako akikupa shikamoo, unaitikia. Nilimwangalia, nikaendelea kuchonga chaki. Akarudia. Sikuitikia tena. Akasogeza miguu.

"Nimekuja kuchukua joho."

Nikainama, nikatoa kile kifurushi, nikamkabidhi. Akakifungua, akaona vipande.

"Halijashonwa."

"Kitambaa chako chote kimo humo. Mafundi wako wengi Muheza."

Nilitazamia akasirike, na nilikuwa nimejiandaa. Badala yake machozi yakamlengalenga. "Mama, mimi nilikuwa tayari," akasema. "Nilitaka kuleta watu. Mjomba akasema nisubiri, akasema nikijitokeza sitapiga tena kinanda, na yeye atapoteza heshima. Akasema mambo yatapoa yenyewe."

"Na yeye huyo mjomba alikushika mikono ukampigia mwanangu wimbo?"

Akaanza kuvifunga tena vile vipande.

"Nenda," nikamwambia. "Nenda kabla sijasimama."

Alipoondoka nililia, na si kwa huruma. Nililia kwa sababu nilikuwa nimebeba chuki ya mtu mkubwa, na aliyetokea mbele yangu ni kijana mwoga anayeogopa mjomba wake. Chuki ikakosa pa kutua, ikanirudia.

Siku zile nilisali sala ambazo sizionei fahari. Nilimwomba Mungu amkaushe vidole. Nilimwomba machungwa ya mwenyekiti yaanguke yakiwa machanga. Kila Jumapili nilikwenda kutazama kama amejibu, na kila Jumapili vidole vilikuwa vizima na malori ya machungwa yalikuwa yanapakia. Nikamkasirikia na Mungu mwenyewe. Nilimwambia, nikiwa kwenye cherehani, kwa sauti, mpaka jirani akachungulia: wewe uko upande wa nani?

Jirani akaja na kikombe cha chai. "Unagombana na nani?"

"Na Mungu."

"Muda wote huo? Na umeshakwenda ustawi wa jamii?"

Nikamwambia sijakwenda.

"Dada yangu alikwenda," akasema. "Mumewe alimkimbia na watoto, mtu wa heshima zake msikitini. Alipoitwa pale akaongea vizuri sana. Wewe unakaa hapa unasubiri radi, na ofisi iko Muheza inafunguliwa asubuhi."

Nilikuwa tayari kumjibu vibaya, nikaweka mkasi chini. Alikuwa ameniambia jambo ambalo mahubiri ya miaka yote hayakuwahi kunifikishia. Nilikuwa naisubiri haki ya Mungu kama mvua, ishuke yenyewe, na kazi yangu iwe kukinga ndoo. Kumbe ilikuwa inanitaka nivae viatu.

Tulikwenda, mimi na binti yangu. Afisa wa ustawi alikuwa mama wa makamo mwenye hijabu nyeusi, feni yake imekufa, mlango wake hauna kitasa. Hakumuuliza binti yangu kwa nini. Hakumuuliza alikuwa amevaa nini wala alikuwa anatoka saa ngapi mazoezini. Alimuuliza mtoto anatarajiwa lini, na baba yake anaishi wapi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze mtu mwenye cheo kumwambia mwanangu karibu, kaa.

Siku ya wito yule kijana alikuja na mjomba wake. Mwenyekiti alivaa koti. Alianza kueleza kwamba hili ni jambo la kanisa na lingemalizwa kikanisa. Afisa akamwacha amalize, kisha akamgeukia kijana.

"Mimba hii ni yako?"

Kijana akamtazama mjomba.

"Simuulizi mjomba. Nakuuliza wewe."

"Ni yangu," akasema.

Maneno mawili tu. Nilidhani nitafurahi. Nikapandwa na hasira upya, mpaka masikio yakawa ya moto. Maneno mawili! Yalikuwa yanakaa mdomoni mwake muda wote ule, wakati mwanangu anafukuzwa kazi, wakati anasimama chini ya madhabahu karibu na nafasi tupu. Akayatoa kwa swali moja la mtu asiyemjua, mtu ambaye wala haamini kile tunachoimba.

Akakubali kumtunza mtoto, na mpaka sasa anatimiza, hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Ndoa hawakufunga. Aliuliza, baadaye sana, na binti yangu akasema hapana. Sikumshauri. Alisema hawezi kulala nyumba moja na mtu ambaye lazima aulizwe mbele ya mjomba ndipo aseme kweli.

Tulipotoka ofisini mwenyekiti akanisubiri nje, kwenye kivuli cha ukuta. "Mmepeleka mambo ya kanisa serikalini," akaniambia.

"Tuliyaleta kanisani kwanza," nikamjibu.

Habari ikafika kijijini kabla yetu. Kina mama wa sauti ya pili wakamwambia mchungaji kwamba hawataimba sikukuu ya mavuno chini ya mwalimu yule. Mchungaji akamwita ofisini, akamwondoa kwenye kinanda, akamfungia ushirika. Yalifanyika ndani ya ofisi, mlango umefungwa, hayakutangazwa. Mavuno tukaimba bila kinanda, kwa ngoma na makofi, na sauti zilipotea mara mbili. Mwezi uliofuata akarudi Korogwe. Mjomba wake alimfanyia sherehe ya kumuaga.

Mchungaji alikuja kwangu baada ya hapo. Alikaa barazani muda mrefu anachezea kofia. Akasema siku ile ya toba alitamani kuongea na hakuongea, na kwamba hana amani.

"Unataka nikwambie nimekusamehe?" nikamuuliza.

"Nilidhani hivyo."

"Nimekusamehe. Sasa kamwambie binti yangu, yuko uani anafua."

Akainuka akaenda. Sikusikia walichozungumza. Nilisikia tu maji yameacha kumwagika kwa kitambo, kisha yakaanza tena.

Mjukuu wangu alizaliwa wakati wa mvua, msichana, sauti kama king'ora. Mchungaji alimbatiza. Kulikuwa na mzee mmoja aliyependekeza mama yake akae nyuma siku hiyo. Mchungaji akasema anayebatiza ni yeye, na mama wa mtoto atakaa pale anapoweza kuona.

Ningeweza kuishia hapo, lakini haikuishia hapo. Mwaka huu msichana mwingine wa usharika wetu alipata mimba, na mwanamume alikuwa kijana mvuvi wa Kigombe, naye wa kanisa letu. Mama yake msichana alinifuata analia. Nikafunga cherehani, nikaenda naye kwenye baraza la wazee, nikasema: awamu hii wasimame wawili. Sikutegemea. Wakakubali, tena upesi. Mwenyekiti mwenyewe akasema, "Tutawaita wote."

Jumapili ile nilikaa benchi la pili. Wakatoka, msichana na kijana, wakasimama pamoja chini ya madhabahu. Nilikuwa nimeingojea picha hiyo maisha yangu yote. Kijana alikuwa amevaa shati la kuazima, shingo inampwaya. Akajaribu kurudia maneno ya mwinjilisti, akakwama, akaanza upya, na nyuma yangu watu wakacheka chinichini. Msichana alikuwa anamtazama kwa huruma. Mama yake alikuwa amejifunika uso. Nikasubiri moyo wangu useme hii ndiyo. Haukusema. Nilichokiona ni watoto wawili badala ya mmoja, wanachunwa ngozi mbele ya watu waliokuja kutazama.

Nje, mwenyekiti akanijia anatabasamu. "Umeridhika sasa, fundi?"

"Sijaridhika," nikasema.

Nikaomba kusikilizwa na baraza. Mchungaji alinipa kiti. Nikawaambia sikuwaomba waongeze mtu wa kuaibishwa. Nikawaambia anayekosa na aende kwa Mungu, na kwa yule aliyemkosea, na kwa mtoto anayekuja, awatendee yaliyo haki. Na wazee wawe wa kumsindikiza afike huko, wasiwe wa kumpandisha jukwaani.

"Kwa hiyo unataka dhambi ipite tu?" mwenyekiti akauliza.

"Haipiti. Binti yangu mlimfukuza chekechea. Sijamwona hata mmoja wenu amesimama mbele ya kanisa kulitubu hilo. Limepita?"

Walibishana juu yangu kama sipo, na mwishoni wakapiga kura ya mikono. Kusimamishwa mbele kumeachwa kwa sasa. Kura moja ndiyo iliyoamua. Wenye jambo wataonana na mchungaji, wote wawili, na mwanamume asipokuja wazee watamfuata nyumbani kwake kama walivyokuja kwangu. Chekechea hawakulizungumza. Binti yangu siku hizi anafundisha shule ya msingi ya kijiji, na mwenyekiti bado ni mwenyekiti.

Mchungaji alinisindikiza hadi barabarani. Akaniambia niombe ili hasira initoke, maana itaniumiza.

Nikamwambia nitaomba, ila isitoke yote. Nyingine naihitaji kikao kijacho, habari ya chekechea bado iko.